Senti Tano Isiyong'aa

Jumatatu, 3 Novemba

Mke wangu Daulat ametangaza vita. Mdogo wake, Zahraa, anakuja kutoka Dar kuishi nasi huku ughaibuni, na eti atalala kwenye chumba changu cha sarafu! Nimeomba huruma. Akasema Jumamosi kuna maonyesho ya sarafu kule mtaa wa Agincourt. Yangu hata moja ikikubaliwa kwenye kabati la maonyesho, chumba ni changu. La sivyo, mimi na mikebe yangu tushuke chini, kando ya mashine ya kufulia.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, na bado hanijui!

Jumanne, 4 Novemba

Nimezitoa senti tano za huku, za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ishirini na tatu, za chuma kilichopakwa kromu ya kung'arisha. Wakusanyaji hawataki nzuri, wanataka zilizoharibikia kiwandani. Nikashika kioo cha kukuzia. Loo! Ukingoni kuna vinukta na vistari! Dosari! Tena kwenye zote!

Moja tu inanitia aibu. Imefifia, haing'ai hata kidogo. Nimeisugua kwa ukwaju na chumvi, kama mama alivyosugua sinia za shaba Tanga. Wapi! Nimeiacha iloweke. Itanyooka tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mkaguzi ni nani? Abdulsultan! Yule aliyeninyang'anya kipaza sauti harusini kwa binamu yangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Eti vinukta vile viliwekwa makusudi, ni alama za simu za maandishi za zamani, zinasema: tutashinda tukifanya kazi kwa moyo. Akasema hivyo huku akinikazia macho.

Kisha akaokota ile iliyofifia. Kicheko kikakatika. Akauliza kutu imetoka wapi. Nikamwambia ukwaju, siku nne. Akakaa kitako, akaniita ndugu yangu kwa sauti ya msibani. Ile ilitoka kiwandani bila kromu, akasema. Ameitafuta miaka kumi na tisa. Ingewekwa katikati ya kabati.

Ingewekwa! Nimelia ndani ya basi la barabara ya Sheppard, watu wananitazama.

Jumapili, 9 Novemba

Zahraa kafika na masanduku matano. Naandika haya kando ya mashine ya kufulia, ila akili imetulia. Kama thamani ni kukosa kromu, basi kromu itoke! Zimebaki ishirini na mbili. Nimenunua ukwaju kilo tatu. Safari hii nitaloweka wiki mbili nzima.

Daulat amefurahi sana. Anadhani ni wa chatne.