Swali la Saba, Kitanda cha Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Daktari Mkuu anatafuta mtu wa kuifundisha wodi nzima kupanga dozi za insulini. Tumebaki wawili: mimi daktari, na sista wetu wa wodi, ambaye wagonjwa humwita Mama Sindano. Nikajitolea kutunga mtihani wa wodi nzima. Mkuu akakubali! Hakushtuka hata kidogo. Nafasi ni yangu.

Jumanne, 5 Machi
Mtihani umefanyika. Mtego wangu ni swali la saba: mchana, sukari saba, dozi ya kawaida kabla ya chakula ni yuniti nane. Utampa ngapi? Wenzetu wote wa wodi wameandika nane, kama ningeandika mimi. Mama Sindano hakuandika namba. Ameandika, kwa mwandiko mzuri ajabu: "Anakula?" Sifuri! Kubwa, kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 6 Machi
Nimebandika matokeo mlangoni. Mama Sindano akasoma, akaniambia ahsante, akarudi kazini. Nilitaka anune angalau kidogo. Amenikata stimu.

Alhamisi, 7 Machi
Kitanda cha tisa, seremala mstaafu. Mchana, sukari saba. Nikaandika yuniti nane kwa madaha. Mama Sindano akaja na faili, akaninong'oneza: "Daktari, mzee huyu hali. Anasubiri upasuaji."
Yuniti nane kwenye tumbo tupu! Angezimia, pengine asiamke tena. Akanipa kalamu nifute mwenyewe, na swali la saba hakulitaja kabisa. Mwanamke huyu ana akili, na ana utu kuliko akili. Nimemvulia kofia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekiri kila kitu kwa Mkuu. Ile sifuri nimeifuta. Nafasi amepewa Mama Sindano, nami nimepiga makofi mpaka viganja vikauma. Seremala ametoka salama kwenye upasuaji. Alimshukuru sana Mama Sindano. Mimi aliniomba nimnyooshee shuka.

Jumamosi, 9 Machi
Somo la kwanza la Mama Sindano: kabla ya namba, muulize mgonjwa. Fundi kweli! Nimeandika na kupigia mstari. Jumatatu atatupima kando ya vitanda vya wagonjwa, mmoja mmoja.
Safari hii sishikwi. Nimeshapatana na seremala: akohoe mara moja kama anakula, mara mbili kama hali. Mzee akataka kujua kwa nini nisimuulize tu.
Wagonjwa bwana! Mambo ya mitihani hawayajui kabisa.