Hotuba ya Kuzindua Chuo cha Uzamili Kando ya Shimo la Ngassa

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye hadi dakika hii hajathibitisha kama yupo, na ambaye nafasi yake nimelazimika kuikaimu. Ndugu Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda ya Kuleta Chuo Maganzo, ambaye pia ni mimi. Ndugu Katibu wa Kamati, Nazir wa duka la vitambaa. Wazee wangu wote, shikamooni. Viongozi wa dini mliopo na mliotuma salamu. Mzee Masalu, kiongozi wa ngoma na Mkuu Mteule wa Idara ya Sanaa za Maonyesho. Bhoke, mama lishe wetu na Mkurugenzi Mteule wa Chakula cha Wanafunzi. Ndugu wachimbaji wadogo, mliofika kwa wingi kupita makadirio ya kamati, kila mmoja na chekeche lake, pamoja na Ngassa mwenye shimo hili. Baba Nelly, uliyeingia jana kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita ukiwa na tiketi ya basi ambayo kamati haikuidhinisha. Na wewe Nelly mwanangu, uliyekaa mstari wa mbele na begi miguuni. Mabibi na mabwana.

Tumsifu Yesu Kristo. (Milele amina.) Asalaam aleikum. (Waaleikum salaam, kutoka kwa Nazir.) Mwangaluka. (Mwangaluka, mayu.) Nikisema chuo, mseme kinakuja. Chuo. (Kinakuja.) Chuo. (Kinakuja. Sauti ya Bhoke kutoka nyuma: kinatokea wapi?)

Kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba, ambacho kipo mbali kidogo, itifaki inanitaka niwakumbushe ni nani anayezungumza. Mimi ni Mama Nelly, mhitimu wa darasa la saba, ambaye kwa elimu hiyohiyo nimezaa, nikanyonyesha, nikalima pamba na kusomesha mtoto aliyepata shahada ya elimu na muziki kwa ufaulu uliomfanya mhadhiri wake mwenyewe ainuke kitini ampe mkono, na picha ninayo, na atakayetaka kuiona aje nyumbani, wengi wenu mmeshaiona na mnaweza kuiona tena. Kwa mujibu wa takwimu za kamati, wahitimu wa chuo kikuu nyumbani kwangu wameongezeka kutoka sifuri hadi mmoja, ongezeko ambalo nilimwomba Katibu aniwekee kwa asilimia, akabonyeza kikokotoo chake cha dukani, kikakataa. Ni ongezeko ambalo mashine haijawahi kuliona. (Makofi. Nelly anajifunika uso kwa ncha ya kitenge.)

Sasa, ndugu wananchi, hali halisi ni kama ifuatavyo. Chuo kikuu kimoja kilichopo Dar es Salaam, ambacho kwa heshima sitakitaja, kimempa Nelly nafasi ya kusoma uzamili wa muziki, kwa sharti kwamba kesho awe amejiandikisha kabla ofisi haijafungwa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Basi la kumfikisha huko linatoka Mwanza na linapita hapa barabarani asubuhi hii hii, muda ambao, kwa bahati tu, kamati ilikwisha kuupangia hotuba. (Minong'ono.) Nasisitiza neno bahati. Ni kweli pia kwamba mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuinuka na kuondoka wakati mama yake amesimama mbele za watu na kipaza sauti mkononi, lakini hilo ni suala la malezi, halihusiani na ratiba. (Kicheko. Bhoke anauliza hotuba ina kurasa ngapi.) Swali hilo limepokelewa, limesajiliwa, na litafanyiwa kazi katika kikao kijacho.

Hoja ya kamati ni nyepesi. Kwa nini mtoto aifuate elimu kwenye joto la Dar, kwa watu wanaokula wali bila mlenda, ilhali elimu yenyewe inaweza kuletwa hapa kwa mfumo shirikishi, endelevu na jumuishi, wenye rodimapu na vipaumbele? Kamati ilifanya upembuzi yakinifu, kwa maana kwamba nilimwomba Nelly anisomee kwenye simu yake njia zote ambazo mtu mwenye shahada ya kwanza anaweza kuzifuata katika muziki, sanaa za maonyesho, elimu na habari, naye akanisomea mpaka chaji ikaisha, tukaenda kuchaji kwa Nazir, akaendelea.

Matokeo ya upembuzi ni haya. Upo uzamili wa muziki, ambako hawakuulizi kama unajua kuimba, wanakuuliza kwa nini unaimba, na ukianza kujibu wanakwambia andika. Unaweza kuusoma kwa kupiga ala mbele ya watu waliokunja uso, au kwa kuandika tasnifu, ambayo ni kitabu kinene kinachoandikwa na mtu mmoja na kusomwa na watatu. Upo uzamili wa sanaa za maonyesho, ambako mtu mzima anafundishwa kulia bila kufiwa, na hapa nampongeza Bhoke, ambaye uwezo huo anao tangu siku tulipochelewa kumrudishia sufuria. (Kicheko. Bhoke anasema sufuria yenyewe ilirudi haina mfuniko.) Upo uzamili wa elimu, ambako mwalimu anafundishwa kuwafundisha wale wanaofundisha walimu, na anayemfundisha huyo sijui alifundishwa na nani, Nelly alinieleza lakini nilikuwa nachambua mchicha.

Halafu upo uzamili wa habari, yaani redio, televisheni na mitandao, ambako kitu cha kwanza unachofundishwa ni kuhakikisha jambo ndipo ulitangaze. Taaluma hii inahitajika hapa Maganzo kwa dharura kubwa. Jana Katibu wangu alizungushia shimo hili utepe mwekundu, mimi nikajaribu kipaza sauti, nikasema haloo haloo tu, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshapita Songwa imefika Kolandoto kwamba Mama Nelly ameona almasi, na leo nawaona ndugu zangu mmekuja na machekeche, masululu na makarai, wengine mmelala hapahapa ili muwahi nafasi. (Kelele. Mchimbaji mmoja anauliza kwa adabu kama utepe utakatwa sasa au baadaye, maana amemwacha mtoto na jirani.) Kamati inaupokea mwitikio wenu kama utayari wa wananchi kuchangia nguvu kazi. Utepe utakatwa baadaye. Baadaye sana.

Naomba sasa niwapitishe kwenye mpango kabambe. Chuo kitakuwa na ghorofa, idadi itatajwa. Kitakuwa na studio ya kurekodia muziki wa kisasa na wa asili, itakayoanzia kwenye stoo ya Nazir pindi atakapohamisha magunia. Kitakuwa na uwanja wa maonyesho wenye upana wa kutosha vikundi viwili vya ngoma kushindana kwa wakati mmoja, kama tunavyofanya baada ya mavuno, huyu upande huu na yule upande ule, na yule anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi, isipokuwa hapa matokeo yatatolewa kwa vyeti ili ugomvi uwe wa kitaaluma. Mzee Masalu amekubali kuongoza idara. (Mzee Masalu anatikisa kichwa, haieleweki kwa ndiyo au kwa hapana.) Kutakuwa na intaneti yenye kasi, kutakuwa na maktaba, kutakuwa na kapasiti bilding kwa wadau wa ngazi zote.

Na hosteli ya wanafunzi, ndugu wananchi, hosteli ipo tayari. Ni chumba cha Nelly. Nimekipiga chokaa, godoro nimelianika, dirisha nimelitia wavu mpya. Wazazi gani wa Dar es Salaam watamwanikia godoro? (Baba Nelly anatazama barabarani.)

Ili kuthibitisha kwamba mradi huu umegusa walengwa, sasa namkaribisha mwanafunzi wa kwanza wa chuo atoe neno la shukrani, na namruhusu liwe refu. (Nelly anainuka, anapiga goti, anapokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Anasema: "Mama, shikamoo. Nina swali moja. Katika hicho chuo, nani atanifundisha?")

Marahaba mwanangu. Swali zuri, lenye afya, linaonyesha fedha ya ada haikupotea. Kamati iliendesha mchakato wa ajira ulio huru na wa wazi. Ilianza na mzee Masalu, ambaye kwa ngoma hana mpinzani kuanzia hapa mpaka Geita, na vijana aliowafundisha wanaruka hadi vumbi linawatafuta, lakini nilipomwomba awe mhadhiri wa muziki alinijibu jambo ambalo sikuliweka kwenye hotuba. (Mzee Masalu, bila kuinuka: "Nilikwambia nyimbo zangu zinamngoja huyu mtoto ajue kuziandika. Na niliongeza kwamba magoti yangu hayangoji.") Ndiyo, aliongeza. Nakushukuru, mzee, ingawa hukuwa kwenye ratiba.

Kwa hiyo kamati ikaendelea kutafuta, kwa sababu mhadhiri wa uzamili sharti awe na uzamili, hilo nimelisoma mwenyewe, na katika eneo lote la mradi mtu aliye karibu zaidi kuupata ni mmoja tu, jina lake Nelly, binti wa Mwenyekiti. Kwa msingi huo, mwanangu, jibu la kamati ni kwamba utafundishwa na wewe mwenyewe, mara tu utakapokuwa umehitimu kwako mwenyewe. (Kicheko kirefu. Hata Baba Nelly, ambaye hacheki hadharani, amegeukia pembeni na mabega yanamtikisika.)

Naomba maji. (Bhoke anapeleka maji.) Asante. Nimesikia nilichokisema. Jana kwenye karatasi kilionekana kimekaa vizuri.

(Honi ya basi, kutoka upande wa Mwanza.)

Ndugu wananchi, hiyo ni honi. Kwa upande wangu kurasa bado zipo, zipo za kutosha, na nikizisoma kwa mwendo wa kiofisi basi hilo litapita na la kesho litalikuta shimo lipo na mimi nipo. (Watu wote wanatazama barabarani, kisha wanamtazama Nelly. Nelly ameshika mkanda wa begi. Hajainuka.) Haondoki. Mnamwona? Basi linakuja, kiti chake kimelipiwa na baba yake, nafasi inaisha kesho, na bado amekaa, ananitazama, anangoja mama yake aketi. Hivyo ndivyo nilivyomlea. Nawaambia nilimlea vizuri, na leo malezi hayo yananikaba mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, natangaza marekebisho ya mpango kazi, ambayo yanaanza kutumika kabla konda hajafunga mlango. Awamu ya kwanza ya ujenzi wa chuo chetu siyo ghorofa. Ni mwalimu. Na mwalimu huyo, baada ya tathmini ya kina iliyofanyika hapahapa nikinywa maji, anajengwa Dar es Salaam. Ngassa, kimbia ukasimamishe basi, una miguu mirefu. Baba Nelly, chukua begi, na ule mfuko wa karanga ulioko chini ya meza yangu, niliuandaa kwa ajili ya hafla. Nelly, usinipigie goti tena, utachafua sketi, panda. Ukifika upige simu. Ukifika Dodoma pia upige. (Nelly anamkumbatia, kipaza sauti kinalia. Anakimbia. Wachimbaji wanampisha na kumshika mkono mmoja mmoja, makarai yanagongana.)

Nisihitimishe bila shukrani, maana itifaki haijafutwa. Namshukuru Ngassa kwa kutuazima shimo hili, ambalo ni lake tangu tulipomfahamu, na ambalo kamati haikulichimba, haikulinunua wala haikuwahi kuulizia bei. Namshukuru mke wa mzee Masalu kwa jiwe la msingi, ambalo naomba lirudishwe jikoni kwake sasa hivi, upande wa kusagia ukiwa juu, mtama unamsubiri. Namshukuru Nazir kwa utepe, ambao kwa kuwa haukukatwa bado ni mpya na unarudi dukani kuuzwa. Namshukuru aliyechora ramani ya chuo nyuma ya kalenda, mkono wake ni mzuri, ni wangu. Kiwanja hakijatafutwa. Kibali hakijaombwa. Kamati haijawahi kukaa hata mara moja kwa sababu kila nilipoitisha kikao Katibu alikuwa na wateja. Tangu mwanzo wa mradi huu, kitu pekee kilichokuwepo ni mtoto mmoja aliyefaulu, na mama yake ambaye hapendi kuamka asubuhi nyumba iko kimya.

Nikisema Nelly, mseme atarudi. Nelly. (Atarudi.) Nelly. (Atarudi. Safari hii na Bhoke yumo.) Semeni kwa nguvu, dirisha lake ni lile la tatu, amelifungua. Nelly. (Atarudi. Basi linaondoka. Mkono unapunga dirishani mpaka vumbi linaufunika.)

Wabeja sana, asanteni. Ndugu wachimbaji, hotuba imekwisha na almasi haipo, ila mkiona vinginevyo mzungumze na Ngassa. Bhoke, niliahidi swali lako litajibiwa: kurasa zilikuwa mbili tu, nyingine zote nilikuwa natunga hapahapa nimesimama.

Sasa naketi.