Barafu Inaanzia Mlangoni

Jumatatu, tarehe 9
Nimeumbuka! Mkuu wa ofisi ya waongozaji, niliyemfundisha mimi kufunga kamba, ametangaza kwamba waliofikisha miaka sitini hawapandi tena mlima na wageni. Tubaki chini tugawe viatu. Viatu! Mimi niliyefika kileleni mara mia mbili na kumi na moja! Nimelalamika mpaka amechoka. Basi, amesema niende na kundi la Alhamisi, kama msaidizi. Nikifanya vizuri atafikiria upya. Kiongozi ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Mke wangu ameshauri nikubali viatu, eti magoti yangu yanalia kuliko mlango wa stoo. Ng'ombe hazeeki maini.

Jumanne, tarehe 10
Wageni wanne wamefika. Mmoja ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Amenitambua! Ametoa picha kwenye bahasha: yeye na mimi, miaka thelathini na miwili iliyopita, chini ya ukuta wa barafu mrefu kama ghorofa tatu. Mimi nina nywele. Aliyepiga picha ni mumewe, sasa marehemu. Anataka kusimama pale pale tena. Nimemwahidi, ingawa njia ya pale sijaipita miaka mingi.
Nimekwenda nyuma ya stoo kujipangusa macho. Siku zile barafu ilikuwa inanguruma jua likiipiga. Jiwe ilipoanzia tuliliita Mlangoni. Hapo tulifunga vyuma vya meno kwenye viatu, tukaiamkia shikamoo, ndipo tukaikanyaga. Nazikumbuka siku hizo mpaka kifua kinauma.

Jumatano, tarehe 11
Mpango umepatikana. Shemeji haendi popote bila kifaa chake cha kuonyesha njia. Alipokuwa anaoga nimechomoa betri zake, nimeweka za redio yangu, zilizokaribia kwisha. Kikizima, ni nani mwenye njia kichwani? Nimelala usingizi wa mtoto.

Ijumaa, tarehe 13
Jana tulilala kibandani salama. Leo saa mbili asubuhi kifaa kimezima! Shemeji ameniomba niongoze. Kwa upole kabisa. Ilinipasa nishtuke hapo.
Ukungu ulikuwa mzito. Nimewafikisha Mlangoni bila kukosea hatua, nikaamuru wote wafunge vyuma na tuungane kwa kamba. Shemeji akauliza kama nina hakika. Nikamwambia barafu inaanzia hapa tangu yeye hajazaliwa. Saa nzima tumetembea juu ya mawe makavu, kwa-kwa-kwa, kama mbuzi juu ya bati. Mgeni mmoja akauliza barafu iko wapi. Nikamwambia awe na subira.
Ukungu ukaondoka. Mawe matupu. Mwalimu akatoa picha, akailinganisha na mwamba. Ndipo penyewe. Ukuta haupo. Akalia. Nami nikalia mbele ya wageni, vyuma miguuni. Nikamwambia mumewe hayupo, barafu haipo, hata nywele zangu hazipo. Hapo akacheka kidogo, huku bado analia.
Shemeji akatoa betri mpya mfukoni. Alijua mchezo wangu tangu jana. Amesema aliniachia niongoze kwa sababu njia ni salama na mama alitaka kufika pale. Nilitamani ardhi inimeze.
Barafu tumeikuta mwendo wa saa mbili mbele, kipande chembamba, kichafu pembeni. Shemeji akaiamkia shikamoo! Halafu akaniambia nitangulie. Nimetangulia hadi kileleni, mara ya mia mbili na kumi na mbili. Magoti yamelia njia nzima.

Jumapili, tarehe 15
Shemeji hakutaja betri. Lakini jozi sita za vyuma zimeisha meno, na hilo halifichiki. Nimekabidhiwa ufunguo wa stoo ya viatu. Mwalimu ameniaga, amesema mwakani atamleta binti yake aone alipopigwa picha mama yake.
Shemeji amenisihi: barafu hairudi, tuwaambie wageni ukweli. Nimemwambia nimeelewa, shemeji, nimeelewa kabisa.
Nimepiga hesabu. Mwamba wa pale bado umesimama. Chokaa magunia arobaini, brashi mbili, punda wawili. Kwa mbali, penye ukungu, huyo binti atajuaje?