Moyo wa Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nyapara wetu amehamishiwa ghala jingine. Ameondoka na filimbi yake, ameacha kiti. Kiti chenyewe cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. Lakini ni kiti! Ghala zima la saruji hakuna kingine, ukiacha cha mlinzi getini. Meneja amesema atamtangaza nyapara mpya Jumamosi. Mgongo wangu ulisikia kabla ya masikio.

Baada ya chai akaja binti wa chuo kikuu na mfuko wa saa za mkononi. Anafanya utafiti wa kumalizia digrii. Anataka kujua mwili wa mbeba mizigo unachokaje. Saa itahesabu mapigo ya moyo kutwa nzima. Akachagua watu sita, mimi nikawa Namba Nne. Akatueleza kwamba kazi yake inasimamiwa na mwalimu, na mwalimu huyo amemrudishia sura ya kwanza mara mbili, imejaa wino mwekundu. Nikamwonea huruma. Kumbe hata wasomi wana nyapara.

Akasisitiza kwamba utafiti hauhusiani na ajira zetu. Lakini meneja alikuwa nyuma yake, anaitikia kwa kichwa. Mimi si mtoto. Anayetafutwa hapa ni nyapara.

Jioni nimempigia mama watoto, huko mbali aliko, nikamwambia nimepata kiti. Akauliza kiti cha nini. Nikasema mtandao unasumbua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeziona namba kwenye saa. Moyo wangu unakimbia kama umeiba! Na nilikuwa nimebeba mfuko mmoja tu. Mwenzetu tunayemwita Winchi, mmoja wa wale sita, ambaye hubeba miwili huku akipiga mluzi, alichungulia mkono wangu akauliza, "Ndugu yangu, huo moyo au cherehani?" Ghala zima likacheka. Hivi mtu mwenye cherehani kifuani atapewa kiti?

Mchana binti akapita na maswali. Umechoka kiasi gani, kuanzia moja hadi kumi? Nikajibu sifuri, huku nimeegemea ukuta nisianguke. Akasema sifuri haipo. Nikamwambia basi aiweke.

Wazo lilinijia chooni. Nani hapa ana moyo uliotulia? Mlinzi! Kutwa nzima amekaa getini kama mzigo uliosahauliwa. Nikamfuata. Nikamwomba aivae saa yangu, mimi nitavaa shati la mikono mirefu, nani atajua? Akauliza, "Sasa mimi napata nini, mdogo wangu?" Nikampa betri zangu mpya za redio. Tukapeana mikono.

Jumatano, 5 Machi

Siku njema! Asubuhi nimebeba hadi miguu ikatetemeka, wala sikuwa na wasiwasi. Moyo wangu rasmi ulikuwa getini, umekunja nne. Mchana malori hayakuja, tukalala juu ya mifuko. Nilisikia redio ya mlinzi, naye akipiga kelele juu yake. Nikafurahi kwamba betri ni nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yamechacha. Binti amekuja uso umemshuka, amekumbatia kompyuta. Akauliza jana nilifanya nini. Nikasema kazi. Akasema ameanza na namba za saa yangu, za wengine bado, na haelewi. Asubuhi, malori yakipakiwa, moyo wangu ulikuwa wa mtu aliyesinzia. Mchana, wenzangu wote wamelala, ukalipuka! Ukaenda mbio, ukapumzika kidogo, ukaenda mbio tena, mwishoni nusura upasue saa. Hajaona ugonjwa huo katika kitabu chochote.

Mimi nikaujua palepale. Mpira! Timu ya mlinzi ilicheza jana. Nasikia ilipata bao la ushindi dakika za nyongeza.

Nikasema labda nilikuwa naikumbuka familia. Akaandika. Nikaongeza kwamba katikati nilipumzika kuikumbuka.

Akasema ameyapeleka matokeo kwa msimamizi wake, naye amejibu kwamba ama saa ni mbovu, ama mtu ni mgonjwa, ama yeye binti ametunga takwimu. Hilo la tatu ndilo lililomnyima usingizi. Wanaotunga hufukuzwa chuo. Kesho msimamizi anakuja kujionea mwenyewe. "Baba, tafadhali, kama kuna kitu niambie." Ulimi ulikuwa tayari kusema. Nikatazama kiti. Ulimi ukarudi.

Meneja naye amesikia kwamba Namba Nne ana moyo wa ajabu, akaniambia nipunguze mizigo. Nikaona kiti hicho kinakuja! Winchi akanifuata akaniuliza ni nani anayempa filimbi mtu ambaye pumzi zake zimebaki za kuhesabu. Sasa ni usiku, na mimi pia usingizi haunijii.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi amekuja. Nilitarajia mtu wa tai. Amevaa sweta lililotoboka kiwiko, na mfukoni kalamu nyekundu, ileile! Akaniuliza saa yangu iko wapi. Nikasema nimeisahau nyumbani. Akanifunga nyingine kwa mkono wake, akasema nibebe, anaangalia.

Niliwahi kusikia kwamba ukibana pumzi, moyo hutulia. Nikabana. Mfuko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili nikaona nyota mchana. Wa tatu sikuuona kabisa.

Nilipozinduka walikuwa wamenikalisha kwenye kiti cha nyapara. Raha iliyoje! Nikafumba macho tena ili nisiondolewe. Ndipo mlinzi akaja mbio kutoka getini, saa yangu mkononi, akilia: "Mdogo wangu anakufa, na moyo wake ninao mimi! Uchukueni, mimi sitaki kesi!"

Msimamizi akauliza polepole kama kuna mwingine. Winchi akatazama viatu vyake. Saa yake iko shingoni mwa mbwa wa ghala. Namba Moja alimvalisha yake mwanawe mchanga, akidhani kwamba mtoto hana mawazo. Namba Sita aliitundika yake msumarini. Kwa mujibu wa kompyuta, alifariki Jumanne. Wote walikuwa wanakitaka kiti changu! Watu gani hawa?

Binti akakaa juu ya mfuko wa saruji, sketi ikageuka kijivu, akalia bila sauti. Nikahisi kifua kinabana, na safari hii hakukuwa na mlinzi wa kumsingizia. Msimamizi hakumfokea. Akamwambia takwimu zote zitupwe, mahafali ya mwaka huu ayasahau, na aanze upya na swali ambalo hakutuuliza: tulidhani saa ni za nini? Sikumwelewa. Saa ni za kupima nyapara, kila mtu anajua.

Jumamosi, 8 Machi

Meneja ametangaza. Nyapara ni mlinzi! Eti ndiye pekee aliyesema kweli bila kubanwa. Amekalia kiti changu na redio yenye betri zangu.

Nilikuwa nimepanga kununa hadi jioni. Lakini geti sasa halina mtu, na kiti cha getini kina mto.

Binti amerudi. Macho yamevimba, hana saa, ana karatasi tu. Ukurasa wa kwanza msimamizi ameusaini bila wino mwekundu. Akatuomba safari hii tumsaidie kwa ukweli, maana hana nafasi nyingine. Akasema hakuna jibu baya, na meneja hataona chochote. Wakati huohuo meneja akapita mlangoni, akakohoa. Akakohoa! Nimeshaelewa. Wanatafuta mlinzi.

Swali la kwanza: Ulipovalishwa saa, uliogopa nini? Nimejibu kwamba sijawahi kuogopa kitu, hasa usiku. La pili: Kwa kawaida hulala muda gani? Nimejibu kwamba silali. La mwisho: Je, majibu yako yote ni ya kweli? Hapo nimemwomba binti amwulize Winchi kwanza. Nataka kujua yeye amesema kweli kiasi gani, ili mimi nizidishe.