Taarifa ya Kitengo cha Ulinganifu wa Sura Mpakani

Kwa heshima na taadhima, naujulisha umma kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita hakuna mtu anayevuka mpaka huu akiwa na sura isiyofanana na picha ya pasipoti yake. Utaratibu ni wangu. Niliuandika mwenyewe, nikaugonga muhuri mwenyewe, na nakala nikawapelekea wenzetu wa ng'ambo, wakaukubali kwa barua ya kurasa mbili kwa ajili ya ujirani mwema. Wanaosema nilikosa kazi ya kufanya wana wivu tu.

Kitengo kina rula ya chuma ya kupimia mashavu, na benchi la kukalia mpaka sura irudi.

Jumatano saa nne asubuhi liliingia basi lenye abiria arobaini na mmoja. Arobaini walipita, ingawa mmoja ilibidi akanyoe ndevu kwenye bomba la nje. Aliyebaki alikuwa binti mwenye begi la mgongoni karibu limzidi kimo, soli za viatu zimelika, pua imebabuka kwa jua. Alikuwa amezunguka nchi nne kwa mabasi, miezi mitano, akila anachopata. Kwenye picha mashavu yake yamejaa tele. Mbele yangu yalikuwa yamebonyea.

Nikapima. Upungufu: sentimita moja na nusu, kila upande.

"Binti, wewe si wewe," nikamwambia kwa upole wa kiofisi.

"Ni mimi, mzee. Nimekonda tu."

"Kukonda ni kubadilisha sura bila kibali."

"Mzee wangu, nakupigia magoti. Baba anapasuliwa kesho alfajiri, hospitali ya hapo ng'ambo, na ameomba anione kwanza. Basi la leo ni hili moja. Mama yule pale, ananisubiri."

Nikachungulia dirishani. Kweli, hatua kama themanini hivi, nyuma ya kizuizi cha ng'ambo, mama mmoja alikuwa anapunga mtandio.

"Pole sana," nikasema, na pole ile niliitoa kwa moyo mkunjufu kwa kuwa haihitaji fomu. "Kaa kwenye benchi, ule. Ukinenepa, njoo."

Abiria wakashuka na mikate, ndizi na mayai ya kuchemsha. Mama mmoja wa basini akawa anammenyea mayai huku akisonya. "Kula, mwanangu, kula! Serikali inakungoja unenepe!"

Kondakta, kijana asiye na adabu hata chembe, akaegemea dirisha langu. "Mkubwa, hivi tangu uzaliwe umeona mtu kanenepa kwa nusu saa?"

"Utaratibu haujaweka muda."

"Duh! Barabarani nimeona mengi, lakini hii kiboko."

Baada ya mayai manne nikapima tena. Shavu la kushoto lilikuwa limeongezeka vizuri, kumbe ni mkate haujamezwa. Nikaandika: jaribio la udanganyifu. Binti akaangua kilio. Dereva akapiga honi. Nami nikiwa nimeinama kutafuta fomu ya zuio, binti akajitupia begi mgongoni, akatoka mbio. Abiria, watu wazima na heshima zao, wakapiga makofi!

Nikamfukuza, pasipoti yake mkononi, mpaka ng'ambo. Nilipofika nahema, mama yake alikuwa ameshapita chini ya kizuizi, amemkumbatia yeye na begi lake. "Nilikujua kwa mwendo tu," analia, "tangu uko kule!" Niliona haya, ingawa kuona haya hakumo katika majukumu yangu.

Ofisa wa pale, dada mmoja wa miwani, akanipokonya pasipoti.

"Sura hailingani," nikamtahadharisha.

"Kifungu chako cha tisa, kaka: ndugu wa damu au wa ndoa akimtambua msafiri kwa kiapo, rula haihitajiki." Akamwapisha mama, akagonga muhuri. Kifungu hicho nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya wakubwa tu! "Na wewe ni nani?"

Nikampa kitambulisho cha kazi. Picha ni ya siku niliyoajiriwa, miaka kumi na tisa iliyopita. Akatoa rula yake. Ziada: sentimita nne. Akanirudisha nilikotoka.

Dirishani kwangu alikuwa amekaa msaidizi wangu, niliyemfundisha kazi mimi. Naye akapima.

"Mzee, nakufahamu sana," akasema. "Ila kiofisi sikufahamu. Kaa kwenye benchi, upungue. Au lete ndugu."

Basi likapita, abiria wote madirishani wananipungia mikono. Nikampigia simu mke wangu. Alikuja saa tisa, mwendo wa kwenda msibani. Msaidizi akamwapisha, akamkabidhi kitambulisho. Mke wangu akakitazama muda mrefu, akatabasamu kwa namna ambayo sijaiona nyumbani miaka mingi.

"Huyu ni mume wangu," akasema, kidole juu ya picha. "Alikuwa na huruma huyu, we acha tu. Hata mgeni wa njiani hakumpita bila kumsaidia mzigo."

"Ahsante, mama. Na huyu aliyekaa hapa?"

Akanikagua kuanzia kofia mpaka viatu.

"Huyu simjui, mwanangu. Nimekula kiapo, nisije nikaidanganya serikali."