Herufi Zilizolala Juu ya Kibanda cha Omena

Kibanda cha Omena,
Sokoni, Muhuru Bay.

Kwa Mwalimu Osoro,
Somo la Usanifu wa Maandishi.

Mwalimu mpendwa,

KUH: HERUFI ULIZOMFUNDISHA BINTI YANGU

Pokea salamu kutoka ufuoni. Mimi ni Bosibori, muuza omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, mama yake Dorah, mwanafunzi wako. Dorah alinitengenezea bango la kibanda kama mtihani wake wa mwisho, na ameniambia hutampa alama mpaka mteja aandike barua kueleza kama ameridhika. Mteja ndiye mimi. Sikuridhika, na sababu ni hizi:

1. Herufi zimelala. Dorah anasema huo ni mlazo, ndio urembo wenyewe. Mimi hufungua saa kumi na mbili asubuhi na sijawahi kulala kazini. Sasa wapita njia wanauliza kama ni biashara imelala au ni nguzo imepinda. Nguzo nimeipima kwa kamba mara mbili. Iko wima.

2. Kila herufi ina upande mnene na upande mwembamba kama unywele. Jua likiwaka, wembamba wote unapotea. Ukisimama kule kwenye mashua, neno "omena" linabaki vijiti vya ua. Nilimwomba Dorah aunenepeshe huo upande wa pili, akaninunia siku mbili.

3. Hili ndilo kubwa. Kwenye bango kuna picha yangu nikitabasamu, na chini yake jina langu kwa herufi hizo. Mwalimu, wewe ni mtu wa huku. Picha na maandishi ya namna hiyo sisi huyaona pamoja wapi, kama si kwenye programu ya mazishi? Mteja wangu Nyamhanga alivua kofia mbele ya bango, kisha akamuuliza jirani yangu Truphena nitazikwa lini. Mimi niko ndani nachambua omena! Nyamhanga huyo huyo, ambaye kila wiki hudai gorogoro langu, kopo la kupimia, limebonyezwa chini, nikamsikia akilia kwamba hakuna aliyepima kwa haki kama mimi. Kufikia Jumatano nilikuwa nimeletewa kilo nne za sukari ya matanga.

Kwa hiyo naomba chuo kisimamishe herufi zote wima, kipige marufuku wembamba, na kiniandikie barua yenye muhuri kwamba niko hai. Chifu amekataa. Anasema hajawahi kutoa cheti cha namna hiyo.

Wasalimie walimu wote, na mpishi anayemlisha Dorah.

Mteja wako asiyeridhika, lakini mzima,
Bosibori.

Nyongeza (muuza omena hamwachi mtu bila nyongeza): Jana Dorah alikuja na ngazi kulishusha bango, macho yamemvimba kwa kulia. Nikaishika ngazi, nikamkataza. Kwenye kitambulisho jina langu walilikosea, na kwenye ubao wa zamani niliandika mwenyewe kwa mkaa. Hiyo B yake yenye tumbo na mkia, Mwalimu, naitazama kila asubuhi kabla sijafungua. Hakuna aliyewahi kuniandika vizuri hivyo. Mpe mtoto alama zote. Herufi na zilale. Mimi bado nimesimama.