Siri ya Mpira Mweusi

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua. Jana mvua, juzi mvua. Wenye redio wanasema ni El Nino. Mimi sina redio. Niliifungua mwezi wa Julai nikatoa sumaku za spika, na ilikuwa ya Selpher, mke wangu. Basi alikasirika akaondoka, sasa yuko Lugari kwenye shamba letu la mahindi, nami niko hapa Kakamega kwenye nyumba ya walimu, nazungumza na sufuria.

Lakini Ijumaa atakuja! Nimepanga. Nilimwandikia kwamba Mkuu wa Chuo, Bwana Kibiwott, ameomba sana kuiona mashine yangu. Kisha nikamwambia Bwana Kibiwott kwamba kuna mgeni anatoka Lugari kwa ajili ya mashine yangu tu. Wote wamekubali. Selpher akiona watu wakubwa wananipigia makofi, hatarudi Lugari. Nina hakika.

Mashine yenyewe ni rahisi, ingawa nimeitengeneza miezi minne. Mpira wa tairi si mpira mtupu. Umechanganywa na masizi meusi ili uwe imara. Je, mpira umeyashika masizi vizuri au la? Kwa macho huwezi kujua. Huko Ulaya wanautia katikati ya sumaku, wanaupiga kwa mawimbi ya redio, halafu wanausikiliza. Mpira hujibu kwa mlio mdogo unaofifia. Ulioshikwa sana na masizi hufifia upesi. Ulio huru huchelewa kutulia. Nilisoma kwenye jarida la maktaba. Nimetia sahihi mara tisa kuliazima. Hakuna jina lingine kwenye kadi.

Jumanne, 4 Novemba

Ili kuuona mlio nahitaji ile mashine ya kioo inayochora mawimbi, na hiyo iko kwa Barasa, mkuu wa karakana. Barasa hupima mpira kwa kuuma. Kweli! Anaung'ata kwa jino la pembeni, anatema, anasema huu mzuri, huu takataka. Wanafunzi wanampenda.

Nilimwambia kwamba Mkuu ameagiza nipewe kioo leo hii. Akanitazama sana. Akasema nichukue, ila Ijumaa atakuja kuona hiyo kitu yangu inafanyanga nini. Sikumwalika! Sasa nimempata bila kumtaka.

Sumaku zilikuwa zikitetemeka, na waya wa shaba ulioviringwa katikati yake ulikuwa ukilegea. Nikafunga kila kitu kwa blada, vile vipande vya tyubu kuukuu ambavyo watu wa baiskeli hufungia mizigo. Mzunguko juu ya mzunguko. Sasa haitikisiki hata kidogo. Mkono wa fundi!

Jumatano, 5 Novemba

MLIO! Saa nne asubuhi, stima iliporudi na taa kuwaka. Nimekata kipande cha soli ya akala, kiatu changu cha tairi, nikakitia ndani. Kwenye kioo pakatokea wimbi, likapanda, likafifia upesi kabisa, sawasawa na kwenye jarida. Nilipiga kelele. Nikatoka nje nimtafute mtu wa kumwambia. Uwanja mzima ulikuwa na maji tu na mbuzi mmoja. Nilimwambia mbuzi.

Nikajaribu kipande cha tairi la trekta. Wimbi lile lile. Nikakata gamboti yangu ya kushoto karibu na kisigino. Wimbi lile lile! Nimegundua kanuni: mipira yote ya Kakamega ina nguvu sawa. Ulaya hawajui hili. Mguu wa kushoto umelowa tangu mchana.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikuwa na kipande kingine cha kupima. Kwa utani nikatia tonge la ugali wa jana. Wimbi lile lile. Nilikaa chini. Nimekuwa nikijipikia tangu Julai, na sasa sayansi inasema ugali wangu ni sawa na tairi la trekta. Kumbe ndiyo maana tumbo linasumbua.

Nimefagia nyumba. Nimeosha vikombe viwili, ingawa kimoja hakikuwa kichafu. Sijui kama Selpher bado anaweka sukari vijiko vitatu. Mtu hasahau mambo kama hayo, lakini nimeanza kuyasahau, na hilo limeniogopesha kuliko Barasa.

Ijumaa, 7 Novemba

Walikuja wote. Selpher aliingia mwisho, kanga kichwani, matope hadi magotini. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumshika mkono, lakini Mkuu alikuwa ameketi, nikaanza kueleza kuhusu mlio.

Nikatia akala. Wimbi! Nikatia gamboti. Wimbi! Bwana Kibiwott akaanza kupiga makofi. Hapo Barasa akaomba nitoe kila kitu ndani, nipime hewa. Kwa kiburi nikatoa.

Wimbi lile lile.

Barasa alicheka mpaka akashika ukuta. Mkuu alitazama saa yake. Nikasema ni unyevu, ni El Nino, ni stima. Selpher akasimama, akaikaribia mashine, akauliza kwa sauti ndogo: "Na hii umefungia nayo, Baba Wendy, si pia ni mpira?"

Blada. Siku tatu nimekuwa nikipima blada. Mwanamke aliyefunga magunia kwenye baiskeli miaka ishirini aliona kwa dakika moja. Mkuu akampongeza yeye. Wakaondoka.

Tulibaki wawili. Selpher akasema hakuja kuona sumaku. Mahindi yanaoza shambani, nusu bado imesimama kwenye maji, vibarua wamekimbilia kwao. Lori la jirani linarudi Lugari saa nane, lina nafasi mbili. Akasema nyumba ya kule nayo ni kubwa kwa mtu mmoja. Akasema yale ya redio ameyasahau.

Nikamwambia aende akapande lori, nachukua koti nakuja. Nilitaka kwenda, Mungu anajua. Koti lilikuwa karibu na mashine. Nikaona nifungue blada kidogo tu, nifunge kwa kamba ya katani, nione wimbi la kweli la akala. Dakika tano.

Lori lilipiga honi mara tatu. Sumaku zilikuwa zimenibana kidole. Nilipofika langoni palikuwa na alama za matairi tu, zinajaa maji. Nilisimama pale mpaka sote, alama na mimi, tukawa maji.

Jumamosi, 8 Novemba

Kwa kamba ya katani hakuna wimbi kabisa. Mashine imekufa. Nimerudisha blada: wimbi, zuri kuliko la juzi! Basi kosa halikuwa langu. Mashine inapima blada vizuri mno. Hakuna mtu duniani anayeijua blada kama mimi.

Nimemwandikia Selpher kurasa nne. Nimemweleza kwamba hakunielewa, kwamba nampenda, na kwamba aniletee blada za Lugari nilinganishe. Kuhusu mahindi nimemtoa wasiwasi. Yakishaingia ghalani yote, aniandikie tu, nitakuja mara moja kumsaidia kuvuna.